Mtunzi wa Muziki na Wenzake: Jinsi Ushirika Ulivyoombwa katika Historia ya Nyimbo Zetu

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapokusanyika asubuhi na kuuimba Wimbo wa Taifa, ni wachache wanaokumbuka kwamba wanaimba kazi ya watu ambao hawakuwahi kuonana. Sauti ya wimbo huo ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, Afrika Kusini. Mwalimu huyo alifariki mwaka 1905. Zaidi ya nusu karne baadaye, Tanganyika ilipojipatia uhuru wake mwaka 1961, sauti ile ile ilivikwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wetu. Mmoja alileta sauti, wengine wakaleta maneno, wengine wakaipanga kwa ala za beni na kwa makundi ya waimbaji. Hivyo hata wimbo ulio mkubwa kuliko zote nchini hauna mwenyewe mmoja.

Jambo hili ndilo msingi wa makala haya. Muziki si kama ushairi wa kuandikwa, ambao mtu aweza kuumaliza peke yake chumbani, taa ikiwa imewashwa na mlango umefungwa. Mtunzi wa muziki ana sauti kichwani mwake, lakini hana koo kumi za kuitikia, wala hana mikono ya kupiga udi, fidla na dumbaki kwa wakati mmoja. Huenda pia hana maneno. Hapana budi atoke nje akatafute wenzake. Na ikiwa mtunzi huyo hakuajiriwa na jumba la mfalme, wala na chama, wala na bendi, bali anajitegemea, basi kutafuta wenzake ni nusu ya kazi yake. Nusu hiyo aghalabu haiandikwi katika vitabu. Tunasoma habari za nyimbo na waimbaji. Hatusomi habari za hodi zilizobishwa kabla ya nyimbo kuzaliwa.

Nia yangu ni kuitazama historia ya hodi hizo katika muziki wa Kiswahili, tangu jumba la Sultani wa Unguja hadi siku zetu. Katika kila zama nitauliza maswali matatu: nani alibisha hodi, alikuwa na nini mkononi, na jina la nani lilibaki baada ya wimbo kuenea. Swali la tatu ndilo zito kuliko mengine, maana ushirika ulioanza kwa furaha mara nyingi umeishia katika ugomvi, au katika usahaulifu ambao ni mbaya kuliko ugomvi.

Kutoka jumbani hadi chamani

Historia ya taarabu kama ijulikanavyo Unguja huanzia katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi mwaka 1888. Yasimuliwa kwamba Sultani huyo alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki na kupiga kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine, wakawa wanapiga jumbani. Katika hali hiyo swali la kutafuta washirika halikuwapo. Mfalme aliamuru, fundi akafundisha, wanafunzi wakafuata. Aliyelipa ndiye aliyechagua wapigaji, wimbo na wasikilizaji. Fundi wa namna hiyo alikuwa na chakula cha uhakika, lakini hakuwa na uhuru wa kusema, «Nataka kutunga na fulani.»

Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwani Safaa, yaani chama cha ndugu wenye nia safi. Vijana wa mjini walichanga fedha zao, wakaagiza ala kutoka Misri, wakajifunza wenyewe. Hapa tunaona hatua kubwa. Muziki ulitoka katika amri ukaingia katika mchango. Mtu alipata wenzake wa kupiga nao kwa kuwa mwanachama: alilipa ada, alihudhuria mazoezi, alishika adabu za chama. Jina lenyewe la chama lilikuwa ahadi ya ushirika. Tena lililobaki ni jina la chama, si la mtu mmoja. Na chama hicho kimedumu kwa zaidi ya miaka mia moja, jambo ambalo si dogo katika bara ambamo vikundi vingi vya muziki hufa pamoja na viongozi wao.

Hata hivyo chama ni nyumba yenye ukuta. Aliye ndani anapata ala, wapigaji na ukumbi. Aliye nje, hata awe na sauti nzuri namna gani, hana budi kusimama mlangoni. Na katika Unguja ya siku zile waliokuwa nje walikuwa wengi: maskini, watu wa mashamba, waliokuwa watumwa na watoto wao, na wanawake.

Siti na baraza lake

Kutoka nje ya ukuta huo alikuja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu wafinyanzi. Alipokuwa kijana aliuza vyungu akivitembeza, na sauti yake ya kunadi ilimtangulia kabla vyungu havijaonekana. Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuwa amesoma shule, hakuwa na mali, hakuwa na jamaa wakubwa. Alichokuwa nacho mkononi ni kitu kimoja tu, sauti, na alikifanyia kazi hadi kikakamilika. Mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwani Safaa alimsikia akakubali kumfundisha. Huo ndio mlango wa kwanza uliofunguka: fundi alisikia kitu halisi kikiimbwa mbele yake, hakuahidiwa maneno matupu.

Lakini Siti hakuishia kuwa mwanafunzi wa mtu. Alikusanya wenzake: Subeti bin Ambar mpiga udi, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku, fundi asiyeona aliyekuwa mtu wa Mombasa. Tuwatazame watu hawa kwa makini. Kila mmoja alikuwa na sifa ambayo wengine hawakuwa nayo. Mmoja alijua kupiga, mwingine alijua kutunga, mwingine alijua elimu ya dini na lugha. Walikusanyika nyumbani kwa Siti jioni, wakazungumza habari za mji, na kutokana na mazungumzo zikatoka nyimbo. Ule wimbo mashuhuri wa Kijiti ulitokana na kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni iliyowashughulisha watu wa Unguja. Wimbo wa namna hiyo hautungwi na mtu aliyejifungia. Wahitaji baraza: mmoja alete habari, wa pili alete neno, wa tatu alete sauti, na wote wapime kama haki imesemwa.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri iliyotumia alama ya His Master's Voice ilimwita Siti kwenda Bombay, huko Bara Hindi, kuimba nyimbo zitiwe katika santuri. Hakwenda peke yake. Alikwenda na baraza lake. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu katika pwani yote, na lugha ya Kiswahili ikasikika katika mashine ambayo hadi hapo ilikuwa imezoea kuimba kwa lugha za wengine. Kwa hakika huo ulikuwa ushindi wa lugha yetu.

Sasa tuulize swali la tatu. Jina la nani lilibaki? Kila mwanafunzi aweza kumtaja Siti. Ni wangapi wawezao kumtaja Buda, au Subeti, au Mbaruku? Sisemi kwamba Siti aliwanyang'anya wenzake. Kinyume chake, aliwapa nafasi, nao wengine waliimba katika santuri zao. Ninasema kwamba masikio ya umma hupenda jina moja. Na lau asingekwenda Shaaban Robert, mshairi aliyekuwa pia mtumishi wa serikali, kuonana na Siti katika siku za mwisho wa uhai wake kabla hajafariki mwaka 1950, hata habari za Siti mwenyewe zingekuwa pungufu. Kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, ni mfano mwingine wa ushirika: aliyejua kuimba hakujua kuandika, na aliyejua kuandika alitambua wajibu wake, akabisha hodi.

Mizani kama mkataba

Katika pwani ya kaskazini, kuanzia Mombasa hadi Lamu, ushirika ulichukua sura nyingine, sura ya mshairi na mwimbaji. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, aliandika mashairi mengi yaliyoimbwa na jamaa yake, Juma Bhalo, mwimbaji aliyefariki mwaka 2014. Kadhalika Zein l'Abdin, fundi wa udi mwenye asili ya Lamu, aliimba mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany, mwanachuoni wa lugha na mshairi. Zein alifariki mwaka 2016 na Nabhany mwaka 2017, nao wameacha hazina iliyo ya wote wawili.

Yafaa tuulize kwa nini ushirika wa namna hii uliwezekana kwa wepesi kiasi hicho. Jibu limo katika kanuni za ushairi wetu. Shairi la mizani 16 lina vipande viwili katika kila mshororo, kila kipande mizani 8. Fundi wa sauti apokeapo shairi hilo, hata kabla hajaingia katika maana yake, anajua mahali pa kuvuta pumzi, anajua urefu wa kila kipande, na vina vinamwonyesha mahali ambapo sauti yapasa kutua. Mshairi naye anajua kwamba akipunguza mizani moja fundi atajikwaa. Hivyo mshairi aweza kuwa Lamu na fundi akawa Mombasa, karatasi ikasafiri kwa posta au kwa mkono wa nahodha, na kazi ikakamilika bila ya wawili hao kukaa kikao hata kimoja. Mizani ni mkataba ambao haukuandikwa na wakili. Kila upande unaujua na kila upande unafungwa nao.

Hilo ndilo jambo ambalo watunzi wengi vijana hawalioni. Hudhani kwamba kanuni za vina na mizani ni pingu alizofungwa mshairi na wazee. La hasha. Kanuni hizo ndizo zilizomwezesha kushirikiana na mtu asiyemjua. Fundi hakuhitaji kumwamini mshairi kwa sababu ya ukoo wake au uso wake. Alihesabu, akaona kazi imesimama sawa. Aliyeleta shairi lililopungua alirudishiwa karatasi yake, na wala haikuwa chuki.

Kwa kuwa somo hili ni la mashairi, nawaomba wasomaji waniruhusu niweke ubeti mmoja nilioutunga, unaoonyesha mshairi akibisha hodi kwa fundi:

Hodi fundi wa mlio, nimekuja na shairi,
Lisikize kwa sikio, ulipime ufikiri,
Kwako ndipo kimbilio, peke halina safari,
Jina langu ulitaje, lako lisiwe la siri.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi ubeti huu wahesabu mizani yake, kisha wajaribu kuutia sauti. Watagundua haraka kwamba sauti inayoufaa haiwezi kuchukua ubeti wa mizani 12 bila kukatwa au kurefushwa. Hapo wataelewa kwa midomo yao kile ninachojaribu kukieleza kwa kalamu. Na mshororo wa mwisho wasiupite haraka, maana ndani yake mna sharti: mshairi anaomba, lakini anaomba kwa haki ya pande zote mbili.

Dansi, santuri na mfanyabiashara

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, miji ya bara ilijaa vijana waliopenda gitaa na midundo ya Kyuba iliyowafikia kwa njia ya santuri. Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda mjini Morogoro kikundi cha La Paloma, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Kama Siti, naye aliunda nyumba yake mwenyewe badala ya kungoja mlangoni kwa mwingine. Aliendelea kuimba na kutunga hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Katika zama hizi alitokea mshirika wa aina mpya, naye ni mfanyabiashara wa santuri. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka nyimbo zake zisikike mbali ilisafiri Nairobi au Mombasa, na wenye mitambo ndio waliokuwa na neno la mwisho. Nyimbo za Cuban Marimba zilitolewa Mombasa katika santuri zenye alama ya Mzuri, mali ya kampuni ya Assanand. Mfanyabiashara hakuimba wala hakutunga, lakini bila yeye wimbo haukuvuka mto. Hivyo mtunzi ilimpasa ajifunze lugha ya tatu, baada ya lugha ya sauti na lugha ya maneno: lugha ya bei.

Wengi hawakuijua lugha hiyo. Mara nyingi msanii alipewa fedha ya mkupuo siku ya kurekodi, akatia saini karatasi asiyoisoma vizuri, akarudi nyumbani akiwa na nauli na furaha. Santuri ikauzwa mwaka hadi mwaka, naye hakuona zaidi. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wimbo wa Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi pamoja na kikundi cha Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 na kikundi cha Boney M huko Ulaya. Lakini ni nani aliyeutunga? Fadhili alisema ni wake. Wengine wa Kenya na wa Tanganyika wakatajwa kuwa ndio waliouanzisha. Na ubishi huo haukupata kwisha. Wimbo ulio maarufu kuliko nyimbo zote za mapenzi katika Kiswahili hauna cheti cha kuzaliwa. Lau siku ile ulipoimbwa kwa mara ya kwanza mtu mmoja angaliandika katika kipande cha karatasi, «Maneno ni ya fulani, sauti ni ya fulani,» ubishi wote usingalikuwapo.

Redio, mashirika na barua

Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio hiyo ilirekodi bendi, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma za mikoani, na hazina yake leo imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Baada ya uhuru, vyama vya wafanyakazi, majeshi na mashirika ya umma vilianzisha bendi zao. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi la Kujenga Taifa na Polisi nao walikuwa na vikundi vyao. Mwanamuziki akawa mfanyakazi mwenye mshahara, na ala zikawa mali ya shirika.

Mpango huo ulikuwa na heri yake. Mpiga gitaa hakuhofia njaa, na mzee wake kijijini aliweza kusema bila haya kwamba mwanawe ana kazi. Lakini kwa mtunzi wa kujitegemea milango ilibadilika sura. Zamani alikwenda kwa fundi barazani kwake. Sasa ilimpasa aende ofisini. Aliandika barua yenye «Yah:», akaeleza kwamba anao wimbo, akangoja. Kiongozi wa bendi alikuwa na watunzi wake waliolipwa kutunga, na kila mmoja wao alitaka wimbo wake uende redioni kwanza. Barua nyingi zililala katika mafaili.

Waliofanikiwa walipitia njia ya watu, si ya mafaili. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy. Ukoo ndio uliomfungulia mlango wa kwanza. Baadaye alihamia Matimila, na hapo utunzi wake ndio uliomjengea heshima hadi alipofariki mwaka 2010. Mbaraka Mwinshehe naye alijiunga na Morogoro Jazz akiwa kijana, akapata jina ndani yake, na mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Mwenendo wao ni mmoja: mtu huingia katika nyumba ya wengine, hutumikia humo kwa uaminifu, watu huijua kazi yake, na siku anapoanzisha yake, wenzake humfuata kwa kuwa wamekwisha kumjua. Hakuna aliyekusanya wapigaji kwa kujisifu tu.

Katika vikundi vya taarabu nilivyovijua, hata hodi ilikuwa na adabu zake. Mtunzi mgeni hakumwendea kiongozi wa kikundi siku ya onyesho, wakati watu wana jasho na haraka. Alimtuma kwanza mtu anayeaminiwa, kama ipelekwavyo posa. Akiitikiwa, alikwenda siku ya mazoezi, akakaa akasikiliza hadi mwisho, kisha ndipo akatoa karatasi yake. Kusikiliza kwanza hakukuwa unyenyekevu wa bure. Kulimwonyesha mtunzi kama sauti zilizopo zinaufaa wimbo wake, na kuliwaonyesha wenyeji kwamba mgeni anaithamini kazi yao, hakuja kutumia ala zao tu.

Jina na haki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa karani katika ofisi ya wilaya, nilimpa kiongozi wa kikundi kimoja shairi langu la beti tano. Liliimbwa, nalo likapendwa. Nililisikia harusini na nililisikia garini. Ubeti wa tatu ulikuwa umeondolewa, na palipotajwa mtunzi lilitajwa jina la mwimbaji. Nilipouliza niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba wimbo ukishaimbwa huwa wa aliyeuimba. Kikundi hicho sikitaji, maana kauli ile haikuwa yao peke yao. Ilikuwa imani ya watu wengi, nayo ni imani ambayo imewanyima mamia ya watunzi majina yao.

Sheria haisemi hivyo. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, na mwaka 1999 ikatungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoleta chombo cha COSOTA kwa Tanzania Bara. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2003. Maana ya majina hayo mawili ni rahisi. Hakimiliki ni ya aliyetunga: maneno ni kazi moja, sauti ni kazi nyingine, na zaweza kuwa na wenyewe wawili. Hakishiriki ni ya walioifikisha kazi kwa watu: mwimbaji, mpigaji na mwenye kurekodi. Sheria basi haimpuuzi mwimbaji, wala haimfanyi mtunzi kuwa mfalme. Inasema kwa lugha ya mahakama yale yale ambayo baraza la Siti liliyaishi: kila mmoja ameleta chake, na kila chake kina thamani.

Kinachokosekana ni desturi ya kukubaliana mapema. Sisi watu wa pwani na bara huona haya kutaja fedha na majina mwanzoni mwa urafiki. Tunaogopa kuonekana wachoyo. Lakini wazee wetu walipounda jahazi kwa shirika walijua kabla ya safari hisa ya nahodha, ya mabaharia na ya mwenye chombo. Hawakungoja shehena ifike ndipo waanze kugawana. Wimbo nao ni chombo kinachosafiri. Mgawo wake hutajwa bandarini, wala si baharini.

Leo vifaa vimebadilika. Mtunzi wa kujitegemea aweza kurekodi sauti yake kwa simu na kuipeleka kwa mpiga kinanda wa mkoa mwingine kabla ya jua kuchwa. Karatasi haisubiri nahodha tena. Lakini wepesi huo haukuondoa maswali matatu tuliyoanza nayo. Umeyafanya kuwa makali zaidi, maana wimbo uliopelekwa kwa mtu mmoja jioni waweza kuwa umefika kwa watu elfu asubuhi, tena bila jina.

Hitimisho

Tumeona kwamba ushirika katika muziki wetu ulipita katika nyumba nyingi: jumba la mfalme lililoamuru, chama kilichochanga, baraza lililozungumza, mizani iliyofunga ahadi kutoka mbali, duka la santuri lililonunua kwa mkupuo, na shirika lililoajiri. Katika nyumba zote hizo, aliyepata wenzake ni yule aliyefika na kazi iliyokamilika mkononi, aliyewasikiliza wenyeji kabla ya kuwaomba, na aliyewaheshimu kama washirika badala ya kuwaona vyombo vya kupigia. Na katika nyumba zote hizo, aliyesahauliwa ni yule ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Walimu wanayo nafasi ya kuitengeneza desturi hii tangu shuleni. Kwaya ya shule inapotunga wimbo wa mahafali au wa mashindano, pawe na daftari. Liandikwe jina la aliyetoa maneno, jina la aliyetia sauti, majina ya waliopiga ngoma na waliobadilisha ubeti, pamoja na tarehe. Ni kazi ya dakika tano. Mwanafunzi aliyezoea kuona jina lake na la mwenzake katika ukurasa mmoja hatakuwa mtu wa kupora wimbo, wala hatakubali kuporwa wake. Na siku atakapobisha hodi kwa fundi asiyemjua, akiwa na sauti yake kichwani na haja ya wenzake moyoni, atakuwa anajua neno la kusema baada ya kuambiwa, «Karibu.»